Marehemu wa Kila Jumamosi

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mto wa kochi. Maiti aliiona baadaye, na kikombe kilichobingirika hadi chini ya meza, na watu watatu waliojipanga ukutani kama wanaosubiri kupigwa picha. Macho yake yalianzia kwenye mto. Ulikuwa wa kijani, una vishada pembeni, umelazwa juu ya zulia, na kichwa cha marehemu kimetulia katikati yake kama cha mtu aliyejilaza kusikiliza redio.

Hiyo ilikuwa Jumamosi alasiri. Leo, Jumatatu asubuhi, mpelelezi alikuwa amerudi kwenye nyumba ile ile, amesimama mlangoni pa sebule ile ile, na bado alikuwa anauwaza mto.

Kituoni walimwita Bi Kimya. Alizungumza kama mtu anayekatwa unywele mmoja kwa kila neno. Alikuja na koplo wake, kijana mnene aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili.

"Afande, tunatafuta nini tena?" koplo alinong'ona. "Mpishi tunaye. Chai kaipika yeye, kaileta yeye. Daktari kasema sumu ilikuwa ndani ya chai, dawa ya wadudu wa bustani. Mkuu anataka faili mezani kabla ya chakula cha mchana, mpishi apandishwe kizimbani leo leo. Na mkuu akiwa na njaa, unamjua."

Bi Kimya alimjua. Alimjua na mpishi pia, tangu juzi: mwanamke mwenye mtoto mchanga, amekaa mahabusu na kanga iliyolowa maziwa kifuani, akirudia maneno yale yale. Karani alikuja jikoni mwenyewe, akaomba kikombe cha chai, akampa. Hajui zaidi. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, anakataa chupa. Leo akishasomewa shtaka la kuua, dhamana hakuna, na mtoto huyo atazoea chupa au hatazoea.

"Karibuni," sauti ilisema kutoka kwenye kochi, kwa namna ambayo mtu humkaribisha inzi.

Alikuwa mwenye nyumba, mtunzi wa riwaya za upelelezi. Picha yake ilikuwa nyuma ya nusu ya vitabu vilivyouzwa mjini, amekunja mikono, amekunja na uso. Hapa alikuwa na kandambili na miwani iliyosukumwa juu ya kipara. Aliyekufa alikuwa karani wake, kijana aliyempigia chapa miswada yake na kulala chumba cha uani.

"Wamekutuma tena wewe," mtunzi alisema. "Katika vitabu vyangu mpelelezi huja na swali. Wewe umekuja na koplo."

"Nani aliweka mto chini ya kichwa chake?" Bi Kimya aliuliza.

"Mto?"

"Wa kijani."

Mtunzi alicheka, akamgeukia koplo kama anayetafuta shahidi. "Karani wangu kalishwa sumu, binti huyu anauliza mito. Kesho atauliza mapazia. Keshokutwa atatufulia na vitambaa."

"Nani aliuweka?"

"Mke wangu. Ana huruma."

"Mkeo alisema hakuna aliyemgusa."

"Basi mdogo wangu."

"Naye alisema hakuna aliyemgusa. Nawe pia. Ulisema, 'Hakuna aliyemgusa, mimi nazijua taratibu za kazi yenu kuliko nyinyi wenyewe.'"

Koplo alikohoa, akatazama dari.

"Pembe moja ya mto ilikuwa chini ya bega lake," Bi Kimya aliendelea, akiuambia ukuta zaidi kuliko mtu. "Anayemwekea mgonjwa mto humwinua kichwa. Bega hahangaiki nalo. Mto ulitangulia chini, mtu akaufuata."

Mtunzi akavuta miwani toka kiparani, akaivaa, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Nina mswada wa kumaliza," alisema. "Mchapishaji wangu ananingoja. Mkimaliza kupekua mito, fungeni mlango."

Akaenda zake chumba cha kazi, kandambili zikimpigia makofi njiani.

Mdogo wa mtunzi walimkuta bustanini, anamwagilia maua kwa mpira. Alikuwa mwanamume mrefu asiye na kazi maalumu, mmoja wa wale ambao ukiwauliza wanafanya nini, wanasema wako na kaka.

"Mimi nimeshasema yangu," alisema kabla hawajafika. "Sina nyongeza. Kama mnataka hadithi, nendeni kwa kaka, ndiye mwenye kiwanda."

Bi Kimya alitazama maji yanavyozama kwenye udongo. Akauliza bila haraka, kama anayeuliza njia ya sokoni:

"Siku zote alikuwa anaangukia wapi?"

"Pale pale karibu na meza, kwa sababu ukutani kuna—"

Mpira ulimwaga maji kwenye viatu vyake, wala hakuutoa.

"Siku zote?" koplo alidakia. "Kwani mtu anakufa mara ngapi katika nyumba hii?"

Hapo koplo akakumbuka kuwa yeye pia ni polisi. Aliingia kibanda cha zana kilichokuwa nyuma yao, akafukua, akatoka na chupa ya dawa ya wadudu imefunguliwa lakiri, imepungua kidogo tu, imevingirishwa ndani ya glovu mbili kubwa.

"Glovu za nani hizi?"

"Zangu. Lakini kibanda hakina kufuli! Kila mtu anaingia!"

"Na ulikuwa na ugomvi na karani. Majirani wamesikia. Ulimwambia utamtoa roho." Pingu zilikwishatoka mfukoni. "Afande, tumempata. Mpishi alipika, huyu akatia. Njia ya mwongo fupi."

"Ulikuwa ugomvi wa nafasi!" mdogo mtu alipiga kelele. "Nilitaka nafasi yake! Walinipa kuwa mpelelezi tangu mwanzo, nimechoka kuuliza watu walikuwa wapi. Nilitaka kufa hata mara moja!"

Koplo aliteremsha pingu taratibu. "Afande, huyu kapatwa na jua."

"Mwache aseme," alisema Bi Kimya.

Akasema. Ukishatoboa kiriba, maji hayangojei ruhusa. Kaka yake alikuwa na desturi moja katika kuandika, na desturi hiyo haikutakiwa kutoka nje ya geti: hakuandika kifo chochote ambacho hakijachezwa kwanza sebuleni. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, viti vilisogezwa ukutani. Shemeji alikuwa mjane, au hawara, au mama wa marehemu, kutegemea sura ya kitabu. Mdogo mtu alikuwa mpelelezi. Karani ndiye aliyekufa. Alikufa vizuri, alijua kulegea. Shemeji alimwekea mto asije akaumia kisogo, maana siku moja aliumia.

"Alikufa kila Jumamosi kwa miaka miwili," mdogo mtu alisema. "Tukawa tunamwita Marehemu. 'Marehemu, njoo ule. Marehemu, umeiona chaja yangu?' Hata mamake akipiga simu tulisema, subiri tukuitie Marehemu. Alikuwa anacheka, mama wa watu." Akajifuta uso kwa mkono wenye tope. "Juzi ndiyo tulishindwa tumwambieje."

"Mbona mlificha?"

"Ungeaminika wewe? Uwaambie polisi mtu alikuwa anacheza kufa, mara akafa? Kaka alisema watatucheka mji mzima, na vitabu havitauzika."

"Kikombe cha mchezo huwa na nini?"

"Kitupu. Siku zote kitupu. Juzi kaka akasema anataka kuona koo linavyomeza. Akamtuma Marehemu jikoni akaombe chai ya kweli."

"Chai ikaja, ikawekwa wapi?"

"Chumba cha kazi, tulipokuwa tunasogeza viti. Kisha Marehemu akaingia nayo, akakaa, akanywa, na tukaanza."

"Alianguka, mkafanya nini?"

Mdogo mtu alizima bomba. Alichelewa kugeuka.

"Tulipiga makofi," alisema.

Simu ya Bi Kimya ilitetemeka kabla hawajafika mlango wa jikoni. Hakuhitaji kuiweka sikioni. Sauti ya mkuu ilijifikisha yenyewe.

"Uko wapi? Bado uko kwa mtunzi? Yule ni mtu wa heshima, mimi mwenyewe amenisainia kitabu! Faili liko wapi? Mwanamke ameungama kuwa chai aliipika, unataka aungame na majani aliyachuma yeye?"

"Nakuja, mkuu."

"Unakuja na faili, au unakuja na barua ya kuacha kazi. Chagua moja, lisikuchoshe."

Ikakatika. Koplo alijifanya anasoma lebo ya chupa.

Mke wa mtunzi alikuwa jikoni akipambana na jiko lisilomjua. Mpishi alikuwa amekwenda na siri zake zote: kitufe gani kinabonyezwa, kipi kinazungushwa. Moshi wa mafuta yaliyoungua ulikuwa umetanda hadi dirishani.

"Niachieni nyumba yangu," alisema bila kugeuka. "Mmemchukua mpishi, sasa mmekuja kuniangalia ninavyoungua?"

"Mdogo wa mumeo ametwambia habari za Jumamosi," Bi Kimya alisema. "Makofi na yote."

Sufuria iligongwa juu ya jiko. "Shemeji hajawahi kubana hata mkojo, atabana siri? Haya, tulicheza. Kucheza ni jinai? Wengine waume zao wanacheza karata, wangu anacheza vifo. Vifo hivyo ndivyo vilivyojenga ukuta huo unaouegemea."

Bi Kimya aliondoka ukutani. "Alipoanguka, nani alimkaribia?"

"Hakuna. Ni mwiko. Hakuna kusogea mpaka mume wangu mwenyewe aseme yatosha. Ukisogea unamkata katikati ya mchezo."

"Akasema saa ngapi?"

Mwanamke alichukua kitambaa, akafuta mahali pasipo na uchafu.

"Hakusema," alijibu. "Mimi ndiye niliyepiga ukelele. Nilikuwa napiga makofi, nasema, leo Marehemu kajitahidi, tazameni anavyotetemeka, tazameni mate yanavyomtoka! Kisha nikaona amejikojolea. Yule kijana alikuwa msafi. Alikuwa anavua viatu asikanyage zulia langu. Asingejikojolea juu ya zulia langu kwa ajili ya mchezo." Sauti ilianza kumpasuka, akaikaza. "Ndipo nikapiga ukelele. Na ndipo tukaita gari la wagonjwa. Haya, mmefurahi?"

"Kabla ya ukelele, mumeo alikuwa wapi?"

"Pale pale sebuleni, kazini kwake! Usimtafutie sababu mume wangu. Yeye ndiye peke yake aliyemjali. Alipiga magoti pale chini, akamshika shavu, akamfungua jicho kwa kidole. Mimi nikainuka, nikasema, baba, mbona leo kama anaumia? Akasema, tulia, usimkate. Nikatulia. Mke anafanyaje tena?"

Mafuta yaliendelea kuungua, koplo akanyoosha mkono akazima jiko.

Walipokuwa koridoni, koplo alimshika afande wake mkono wa shati. Alikuwa ameacha utani.

"Yule mzee alituambia nini juu ya mahali alipokuwa?"

"Alisimama dirishani, upande wa pili wa sebule," alisema Bi Kimya. "Kutoka pale hata rangi ya tai ya mtu huioni." Akatoa karatasi ya maelezo, akampa. "Utaandika nitakachosema. Usishangae. Usirekebishe."

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo kuliko sifa zake. Meza, kompyuta, rafu ya vitabu vyake mwenyewe hadi darini, na ukutani barua moja ya mchapishaji iliyobandikwa kwa pini, mistari michache imepigiwa wino mwekundu na mtunzi mwenyewe: wasomaji wamechoka, maiti zako zinakufa kama walevi wanaosinzia, tafuta mwamko mpya.

"Bado mpo," mtunzi alisema, vidole vikigonga vibonyezo.

"Tunafunga maelezo," alisema Bi Kimya. "Utie sahihi, tuondoke."

"Hatimaye."

Bi Kimya alianza kumsomea koplo, polepole, kwa sauti yake ndogo. "Marehemu alikunywa chai. Akapiga mwayo. Akalala juu ya mto. Akafa kwa utulivu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi."

Vibonyezo vilinyamaza.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Ndivyo ilivyoonekana. Andika, koplo. Hakutetemeka. Uso ulikuwa mkavu."

"Mkavu!" Mtunzi alizungusha kiti. "Binti, wewe hukuwepo. Jasho lilimtoka kama amechotewa ndoo. Huwezi kuandika upuuzi huo chini ya jina langu."

"Koplo, andika: jasho kidogo. Macho yalikuwa yamefumba."

"Yalikuwa wazi!"

"Wazi, basi. Macho ya kawaida."

"Ya kawaida?" Alikuwa amesimama sasa, kidole hewani, kama mwalimu aliyeudhiwa na darasa. "Ndiyo maana watu kama nyinyi hamwezi kuandika hata ripoti. Hamtazami! Mboni zilikuwa zimesinyaa mpaka zimekuwa kama tundu la sindano. Tundu la sindano! Nuru yote ya dirisha inamwingia usoni na ndani ya jicho hamna mlango. Hiyo huwezi kuibuni. Hakuna mtunzi aliyewahi—"

"Uliyaona ukiwa dirishani?"

Kidole kilibaki hewani.

"Nilisogea."

"Ukamfungua jicho."

"Nilidhani anaigiza. Sote tulidhani anaigiza. Hiyo ndiyo kazi yake."

Bi Kimya alikuwa bado anatazama karatasi ya koplo. "Mtu anaweza kuigiza mate," alisema. "Anaweza kutetemeka. Akijitahidi sana anaweza kujitoa hata jasho. Nani anaweza kuigiza mboni ya jicho?"

Mtunzi alikishusha kidole.

"Mkeo alidhani ni mchezo, yeye alikuwa mbali. Mdogo wako alikuwa mbali. Wewe ulifungua jicho, ukaona kitu ambacho hakuna mwigizaji anayekiweza. Ukajua. Kisha mkeo akainuka kumsaidia, ukamwambia atulie." Alinyanyua uso. "Na ulilifungua jicho kwa sababu ulijua cha kutafuta humo. Chai ilipitia chumba hiki."

Mtunzi aliketi. Alitazama barua ukutani, akaitazama kompyuta, na alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu anayejadiliana na mchapishaji.

"Kifuniko kimoja tu cha dawa ile. Kimoja. Nilisoma kwamba kidogo kinamwangusha mtu tu, anaharisha, anatapika, kesho yupo kazini. Ningemlipia hospitali. Ningemtaja kwenye ukurasa wa shukrani. Miaka miwili alikufa vibaya mbele yangu, wasomaji wakanicheka mimi, si yeye. Nilitaka kuona mara moja tu, kitu cha kweli."

"Uliona."

"Niliona," mtunzi alisema, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa karibu na furaha. "Sura hiyo imekamilika. Iko humu. Isome, kisha uniambie kama nimekosea hata—"

"Koplo," alisema Bi Kimya, "piga simu kituoni. Mpishi atolewe sasa hivi, apelekwe kwa mwanawe kwa gari. Mkuu akiuliza nani ameamuru, mtaje mimi."

Koplo alikwishabonyeza namba. Walimsikia koridoni akibishana na mtu aliyekuwa na njaa, akisema ndiyo mkuu, hapana mkuu, ameungama mkuu, yeye mwenyewe mkuu, aliyekusainia kitabu. Baadaye ikaja sauti ya koplo, tulivu: "Gari limetoka, afande. Mama yuko ndani yake."

Bi Kimya alitoa pingu. Mtunzi alinyoosha mikono mwenyewe, viganja juu, kama alivyokuwa amewafundisha wauaji wake wote. Zilipofunga, akamtazama kwa chuki iliyokuwa haijapungua hata kidogo.

"Niambie kitu kimoja, wewe Bi Kimya. Ndiyo, najua wanavyokuita. Unakuja kuniharibia kazi ya maisha yangu yote. Umewahi kusoma hata ukurasa wangu mmoja?"

Koplo alisimama mlangoni, akafungua mdomo amjibie, kama kawaida. Safari hii afande wake alimwahi.

"Vyote," alisema.

Bi Kimya aliitazama rafu ya vitabu.

"Nilikuwa nimekatishwa shule. Nasoma kwa kufuatisha kidole. Kitabu cha kwanza kukimaliza peke yangu kilikuwa chako, kile cha mlinzi wa ghala. Alipokufa mlinzi nililia mpaka mama akaja mbio kuuliza nani amenipiga. Nikasema hakuna. Nikaomba kazi hii kwa sababu ya mlinzi yule. Sijamwambia mtu mpaka leo."

Macho ya mtunzi yalikuwa yamewaka. "Unaona sasa!" alisema. "Unaona basi ninachokitafuta—"

"Mlinzi huyo," Bi Kimya aliuliza, "ulimwandika ukiwa umemtazama nani akifa?"

Mtunzi alifikiri. Ilikuwa dhahiri anafikiri kwa kweli, anarudi nyuma miaka mingi, chumba hadi chumba, akitafuta.

"Hakuna," alisema mwisho.

"Na mimi niliamini kila neno."